Mto wa Kulalia Chini ya Dirisha

Vijana wangu wa ofisi ya uchunguzi, siku ya kuniaga mlinipa keki na saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Saa yenyewe inakwenda dakika sita mbele, kwa hivyo naona bado mnataka niwahi mahali. Vyeo nitaviruka. Viko kwenye faili langu, na mwenye subira anaweza kuvisoma. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na ule moto wa Mutuini ambao mmekuwa mkiuliza kwa nini faili lake halikuwahi kutoka mezani kwangu.

Nilianza kama mpokea simu katika kituo cha zima moto cha katikati ya jiji. Kwa miaka minane kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza watu wanaopiga mayowe na kuwauliza, kwa upole, wako wapi. Mtu nyumba yake ikiwaka hajui yuko wapi. Mmoja aliniambia, "Niko hapa kwangu, kwani huoni moshi?" Uvumilivu niliuzoea. Kilichonishinda ni kwamba simu ikikatika, sikuwahi kujua mambo yaliishaje. Magari yalitoka, yakarudi, vijana wakaosha mipira ya maji, nami nikabaki na nusu ya sentensi ya mtu. Nafasi ilipotokea katika ofisi ya kuchunguza vyanzo vya moto, niliandika barua siku hiyo hiyo.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana, na ndani yake alikuwamo mtu mmoja, Mzee Shee. Alikuwa mtu wa Lamu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa kwa mkono, aliyoivua kwenye kila nyumba iliyoungua na kuitia katika mfuko wa plastiki isiguswe na masizi. Kiswahili chake kilinyooka kiasi kwamba sisi wa Nairobi tulijiona tunakohoa tukizungumza naye. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza hali yangu, hali ya nyumbani, ya mume, ya watoto, ya wazazi kule Bungoma. Nilijibu yote nimesimama, mkoba begani. Nilidhani ni adabu za pwani. Baada ya miezi kadhaa ndipo nilipogundua kwamba alikuwa akinipima kama naweza kujibu maswali mengi bila kukimbilia la mwisho.

Vifaa vyake vilienea katika ndoo moja: mwiko wa mwashi, brashi tatu za rangi, chekeche cha unga, kamba yenye mafundo ya kupimia, na penseli. Kalamu ya wino aliikataza kabisa. Nyumba iliyozimwa moto ni nyumba iliyolowa, na wino ukilowa unakuacha na ukurasa wa mawingu. Leo mna simu zinazopiga picha gizani, na mna mashine ya kunusa petroli. Nawaonea wivu kwa hiyo mashine. Lakini bado nasisitiza penseli.

Wiki hiyo hiyo alinipeleka Kilimani, kwenye fleti ya ghorofa ya nne ambayo jiko lake lilikuwa limeungua. Hakuna aliyeumia. Mwenye fleti, kijana mmoja mwenye miwani, alikuwa amesimama kwenye ngazi akituambia ni friji, friji tu, aliinunua mitumba na alijua itamletea shida. Niliingia, nikaona sufuria ya kukaangia imeyeyuka mpini, nikatangaza kwa sauti ya mtaalamu: "Ni mafuta ya kupikia."

Mzee Shee hakunitazama. "Umeyaona, au umeyataka?"

"Mzee?"

"Hayo mafuta. Umeyaona yakiwaka mahali fulani, au umeyataka yawe ndiyo?"

Kisha akaniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya jiko lile, akaniambia nisiguse kitu kwa muda wa saa nzima. Nitazame tu. Dakika kumi za kwanza nilikasirika. Ilipofika nusu saa nikaanza kuona kwamba balbu juu ya dari ilikuwa imevimba upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Kioo huvimba kuelekea kule joto linakotokea. Haikuelekea kwenye friji wala kwenye sufuria, bali kwenye kona ya kibaniko cha mkate. Yule kijana alipoulizwa alikiri kwamba alikuwa amekaushia soksi juu yake. Friji haikuwa na hatia yoyote, na ndoo nikaibeba mimi hadi ofisini.

Nilikuwa mwaka wa tatu katika ofisi hiyo tulipoitwa Mutuini.

Ilikuwa ploti ya vyumba vya kupanga vya mbao na mabati, vinne kwa safu, na nyuma yake shamba dogo la nyasi za ng'ombe. Nyumba ya mwisho ilikuwa na vyumba viwili. Alikaa humo Esther, fundi wa kushona sare za shule, pamoja na mumewe Gilbert, aliyekuwa mlinzi wa jengo moja la ofisi Upper Hill. Walikuwa wameoana miaka sita na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Moto ulianza mnamo saa nne asubuhi. Gilbert alikuwa kazini. Esther alikufa kwenye chumba cha kulala.

Tulipofika kesho yake, Gilbert alikuwa kwenye seli. Majirani waliokimbilia mlango wa mbele walikuta moto umeshaujaza, na kwenye fremu wakaona kufuli. Mtu akapiga kelele, "Amemfungia ndani!" Neno hilo likatosha. Gilbert alipowasili kutoka Upper Hill, akikimbia na sare yake ya kazi, walimshukia kwa mateke na mawe. Alipoteza meno mawili kabla ya askari kumwokoa, na askari wakamweka ndani kwa kosa la kuua.

Mwenye ploti, Bwana Njuguna, alitupokea kwa heshima kubwa na maelezo tayari. "Poleni na kazi. Mimi naona ni jiko. Hawa mama wa kushona wanasahau jiko la makaa, si mnajua? Kama si bwana, basi ni jiko."

Mzee Shee alimshukuru, akavua kofia, akaitia mfukoni, akaanza kuchekecha majivu kuanzia mlangoni.

Siku tatu tulikuwa pale, tukiondoa tabaka moja baada ya lingine. Jiko tulilipata siku ya kwanza, kwenye baraza, nje kabisa, likiwa tupu na limepanguswa. Halikuwa limewashwa asubuhi ile. Siku ya pili tukaugeuza mlango. Ulikuwa umeungua kwa ndani, ndimi za moto zikapita pembeni na kuunguza uso wa nje pia, kisha ukaangukia matopeni. Rangi yake ya samawati ilikuwa imegeuka mkaa na malengelenge. Mlangoni kulikuwa na kile kipande cha chuma kinachokunjuliwa ili kiingie kwenye pete ya fremu, ndipo kufuli lipite. Mzee Shee alipiga magoti, akakiinua taratibu kwa ncha ya mwiko.

"Nekesa, njoo. Unaona nini?"

Chini ya chuma kile kulikuwa na rangi ya samawati, safi, haina hata doa, katika umbo la chuma chenyewe.

"Kilikuwa kimelala juu ya mlango," nikasema. "Wakati moto unawaka kilikuwa kimekunjwa nyuma."

"Na kufuli?"

"Lilikuwa limefungwa kwenye pete peke yake. Limening'inizwa tu."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

Hilo sikuhitaji kuchekecha. Hata mimi nyumbani nilikuwa nafanya hivyo, na bado nafanya. Ukiwa ndani unalibana kufuli kwenye pete lisiibwe. "Mlango haukuwa umefungwa, Mzee. Komeo la ndani pia liko wazi. Haukuwa umefungwa kabisa."

Aliandika kwa penseli, akapiga picha, akafunga kile kipande cha mlango kwenye shuka, na alasiri hiyo hiyo tukakipeleka kituoni. Mkuu wa kituo alikitazama kwa muda mrefu. Gilbert aliachiliwa siku iliyofuata. Alitoka uso umevimba, akasimama mbele ya Mzee Shee. Nilidhani atashukuru. Akauliza, "Kama mlango ulikuwa wazi, mbona hakutoka?"

Hilo ndilo swali lililotufunga miguu. Moto ulikuwa umeanzia kona ya kushoto ya sebule, kwenye marundo ya vitambaa, hatua nne kutoka mlangoni. Sakafu ilionyesha kwamba mwanzoni njia ya kutoka ilikuwa wazi. Mtu mzima mwenye afya angetoka. Esther hakutoka. Aliingia chumbani, ndani zaidi, akavunja kioo cha dirisha lenye vyuma. Vipande vya kioo vilikuwa nje, havina masizi, maana yake alikivunja mapema sana, kabla moshi haujatanda. Na juu ya vile vipande, kwenye nyasi, kulikuwa na mto wa kulalia. Haukuungua. Vioo vilikuwa chini yake na hakuna hata kimoja juu yake. Alivunja dirisha kwanza, kisha akautoa mto. Mzee Shee aliandika hata foronya ilivyokuwa. Alipima nafasi kati ya chuma na chuma cha dirisha, akapima kimo cha dirisha kutoka chini, akapima umbali wa mto kutoka ukutani. Mimi nilimshikia kamba na kumwona kama mtu anayepoteza wakati. Mwanamke amekufa, wewe unapima mto.

Tena mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu. Kwenye ile kona ya kushoto ulipita waya wa umeme ambao Bwana Njuguna aliutandaza mwenyewe, bila fundi mwenye leseni, vyumba vinne vikivuta kwenye waya mmoja mwembamba. Nilipousafisha kwa brashi, niliona shanga mbili za shaba iliyoyeyuka. Niliruka karibu nianguke.

"Mzee, ni umeme! Ni huyu Njuguna na waya wake!"

"Shanga zatuambia nini?"

"Kwamba waya ulipiga cheche."

"Zatuambia waya ulikuwa na umeme moto ulipoufikia. Huenda waya uliuanzisha moto. Huenda moto uliukuta waya, ukala ngozi yake, ndipo ukapiga cheche. Utatofautisha vipi?"

Nikasema lililonijaa. "Lakini Mzee, umeona hizo nyaya. Huyu mtu ni hatari. Atamfungia mwingine kwenye mtego kama huu!"

"Nyaya zake tutaziandikia barua, na nitahakikisha zinang'olewa. Hilo nimeliona." Alipangusa mwiko kwenye suruali. "Lakini kwamba zilimuua Esther, hilo umeliona, binti yangu, au umelitaka?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikuwa nimelitaka, kwa moyo wangu wote.

Mkubwa wetu wa wakati huo aliitaka ripoti iishe. Alituita ofisini kwake. "Shee, andika umeme au andika jiko. Kila nyumba ya mabati ni moja kati ya hizo mbili. Ripoti haiwezi kwenda juu bila chanzo."

"Jiko halikuwaka, bwana mkubwa. Umeme wawezekana, sikuuthibitisha."

"Kwa hivyo utaandika nini?"

"Nitaandika sijui."

"Miaka yote hii ya kazi, unaandika hujui?"

"Miaka hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuliandika."

Nilikuwa nimesimama kando yake, na sijawahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi dakika ile. Kusema kweli niliogopa pia, kwa sababu jina langu lilikuwa chini ya lake. Ripoti ilikwenda juu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mambo yaliyothibitika: mlango haukufungwa, jiko halikuwashwa, nyaya ni mbovu na ziondolewe. Chini yake kulikuwa na maswali matatu yasiyo na jibu. Moto ulianzishwa na nini? Kwa nini marehemu hakutumia mlango? Kwa nini mto ulitolewa dirishani? Kila swali liliachiwa nafasi tupu ya mistari mitano. Nyaya ziling'olewa mwezi huo, nafikiri kwa sababu Mzee Shee alikwenda pale kila Jumatano na kusimama mlangoni kwa Bwana Njuguna bila kusema kitu.

Kwa Gilbert alikwenda mwenyewe, nikamfuata. Tulimkuta kwenye lango la jengo analolinda, Upper Hill, saa ya chakula cha mchana. Mzee Shee hakumzungusha. "Mwanangu, nimetafuta kila nilichojua kutafuta. Sikujua kwa nini hakutoka, na sikujua kilichowasha. Sitakupa jibu la uongo ili ulale."

Gilbert alitafuna mdomo. "Wengine wote wameniambia wanajua," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kusema hujui."

Kuanzia hapo alikuja ofisini mara moja kila mwaka. Alipanda ngazi za karakana, akavua kofia ya kazi, akauliza, "Kuna jipya?" Tukamwambia hakuna, akashukuru, akanywa chai, akaondoka. Hakuwahi kupaza sauti. Siku moja alinieleza kilichomuuma kuliko meno. Mama yake Esther, kule kwao Bungoma, hakuwahi kuamini ile habari ya mlango. Alisikia "amemfungia ndani", na hilo la kwanza ndilo lililobaki. Tangu mazishi hakuwa amemsemesha Gilbert hata neno moja, naye Gilbert alimwelewa. Aliendelea kumtumia sukari na dawa kupitia kwa shemeji yake.

Mzee Shee alistaafu akarudi Lamu. Mimi nikabaki na ndoo, na mwiko, na faili. Mlikuja ninyi, mmoja mmoja, na kila mmoja wenu aliniuliza, "Madam, hili la Mutuini tulipeleke stoo?" Nikasema bado.

Mwaka huu, miezi mitatu kabla ya kustaafu, mapokezi wakanipigia simu. Kuna mama anataka mtu wa moto wa zamani. Nikamkuta ameketi kwenye benchi, amefumbata mkoba magotini. Umri wake kama miaka arobaini, mikono imechubuka kwa sabuni. Alisema anaitwa Konsolata, anafua nguo kwenye fleti za Kilimani.

"Madam, niko na kitu nimebeba miaka kumi na nne," akasema. "Msichana wangu yuko Fomu Wani. Ana kovu kwa mguu. Amekuwa akiniuliza lilitoka wapi, nami namdanganya ni chai. Juzi ameniambia, 'Mum, hiyo si chai.' Nimechoka."

Nilimpandisha ofisini, nikafunga mlango, nikatoa penseli. Alisimulia akitazama sakafu. Wakati ule alikaa Mutuini, ploti ya jirani, peke yake na mtoto wa miezi miwili. Bomba la maji lilikuwa mbali. Asubuhi ile mtoto alikuwa amelala, Esther akamwambia, "Muache hapa kwa kitanda changu, uende ubebe maji na mikono miwili." Alikwenda. Aliporudi kwa njia ya nyuma, kupitia zile nyasi, aliona moshi ukitoka dirishani.

Nilitamani kulifungua faili palepale. Lakini nilifunzwa kazi, na swali nililouliza nililipima kwanza. Sikumwonyesha faili. Sikutaja kitu chochote kilichokutwa nje.

"Mtoto ulimkuta wapi?"

"Chini ya dirisha. Kwa nyasi."

"Amelala juu ya nini?"

"Juu ya mto. Mto wa Esther, ule wa maua mekundu. Kulikuwa na vioo hapo, Madam, vioo kila mahali, lakini mtoto hakukatwa hata kidogo. Ni mguu tu ulikuwa umechomwa na cheche. Nikaita, Esther! Esther! Hakujibu."

Nililifungua faili. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano lakini penseli ilisomeka vizuri kabisa. Foronya nyeupe, maua mekundu. Nafasi kati ya vyuma: mtoto mchanga angepita kwa shida, mtu mzima asingepita. Nilimsomea. Yeye akalia, nami nikaiweka penseli chini.

Alikuwa amemkimbiza mtoto zahanati. Aliporudi, umati ulikuwa ukimpiga Gilbert. "Nikaona wakijua alikufa juu ya kuokoa mtoto wangu, watanigeukia mimi. Nikanyamaza. Wiki hiyo nikahama."

"Ulijua Gilbert yuko seli?"

"Nilijua." Alisema kwa sauti ndogo mno. "Nilisikia ametolewa, nikajiambia basi, imeisha."

Jioni hiyo nilimpigia Mzee Shee. Sauti yake imekuwa nyembamba, na mjukuu ndiye aliyemshikia simu. Nilimweleza yote, mto, vioo, mtoto. Akamwambia mjukuu aisogeze simu sikioni.

"Mashallah," akasema. "Hatua nne kutoka mlangoni, naye akarudi ndani kwa mtoto, moto ukamkatia njia. Kwanza akavunja kioo. Kisha akakumbuka vioo vitamkata mtoto, akatanguliza mto. Ndani ya moto ule, Nekesa, alikuwa na akili ya kutanguliza mto." Kisha akauliza, "Na chanzo cha moto?"

"Chanzo bado, Mzee. Hajui."

"Haya. Basi hiyo mistari mitano iache tupu."

Gilbert nilimwita ofisini peke yake kwanza, nikamsomea polepole maelezo ya Konsolata. Hakulia. Aliuliza nimrudie ile sehemu ya mto, nikamrudia. Siku mbili baadaye Konsolata alikuja na binti yake, Triza, msichana mrefu mwenye sare ya shule iliyopigwa pasi vizuri. Konsolata alipomwona Gilbert alianguka magotini.

"Inuka," Gilbert akasema. "Inuka, mama. Mtoto anaona." Alipoinuka aliendelea, bila kupaza sauti. "Mimi bado nina hasira na wewe. Sitakudanganya. Ulijua na ukaniacha nionekane muuaji. Hiyo itachukua muda." Kisha akamgeukia Triza, akamtazama usoni kwa makini. "Wewe huna kosa lolote. Unasikia? Hakuna mtu anakudai chochote."

Triza akaitikia kwa kichwa. Kisha akamuuliza, "Alikuwa mtu wa aina gani?"

Hapo ndipo Gilbert alipokaa chini. Alimweleza kwa muda wa saa nzima: alivyoimba ovyo kanisani, alivyoshona vifungo kwa uzi wa rangi tofauti makusudi, alivyopenda kubishana na redio. Konsolata alisikiliza kutoka mlangoni. Mimi nilichemsha maji ya chai mara tatu.

Kabla ya kuondoka Gilbert aliniomba kitu kimoja. "Madam, niandikie kwa karatasi, na mhuri. Mama yake Esther anakuja kliniki mwezi ujao, ile hospitali kubwa."

Niliandika nyongeza ya ripoti. Ilikuwa kurasa mbili, na ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho. Maswali mawili kati ya yale matatu niliyajaza. Nikapiga mhuri, nikaibeba mwenyewe, nikaandamana na Gilbert na Triza.

Mama yake Esther tulimkuta Upper Hill, kwenye kiti cha mbao nje ya kliniki, pamoja na mwanawe wa kiume. Ni mwanamke mdogo wa umbo, leso imefungwa kichwani kwa nguvu. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe hivi hivi, wala hawashikani mikono. Gilbert alisimama mbali, karibu na ukuta, kofia mkononi. Mama hakumtazama. Nikaketi kando yake, nikajitambulisha, nikamsomea ile ripoti kwa Kiswahili, na mahali alipokunja uso nikarudia kwa Kibukusu, lugha yetu sote wawili. Nilimwonyesha picha ya ule mlango, na ile rangi ya samawati chini ya chuma. Aliigusa kwa kidole. Nilipofika kwenye mto akaziba mdomo kwa leso.

"Huyo mtoto yuko wapi?" akauliza.

Triza alikuwa nyuma yangu. Akasogea mbele, akapiga goti kusalimia. Mama akamshika mguu, akaliangalia lile kovu, akalipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayepapasa kitambaa kabla ya kukinunua. Watu wa kliniki walipita, muuguzi akaita jina lake mara mbili, hakusikia.

Kisha akamwinua Triza, akamketisha karibu naye. Macho yake yakavuka bustani ndogo, yakaenda hadi kule ukutani, yakatulia.

"Mjukuu wangu," akasema, kwa sauti ya kufika kule, "nenda umwambie mkwe wangu amekonda. Muulize nani anampikia."